Msalaba Juu ya Yungiyungi

Chuoni kwetu, kila somo la Dini za Ulimwengu lifikapo kwenye Ubuddha, swali ni lile lile: kuna haja gani? Waislamu ni jirani zetu, tunazikana na kualikana harusini. Wabuddha tunao wapi, ukiacha lile hekalu dogo la Dar es Salaam lililoanzishwa na Wasinhala zamani za ukoloni? Swali ni la haki. Sisi tumezoea kulijibu kwa kusimulia habari za Mlutheri mmoja.

Karl Ludvig Reichelt alizaliwa mwaka 1877 karibu na Arendal, Norway, akalelewa kati ya watu wa uamsho, wale ambao kwao sala ya nyumbani ilikuwa ya lazima kama chakula. Mwaka 1903 Shirika la Misioni la Norway lilimtuma China, jimbo la Hunan. (Mwaka mmoja kabla yake Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig alikuwa amefika Kilimanjaro, naye akatumia miaka mingi kujifunza mila za Wachagga. Kizazi kile kilikuwa na watu wenye subira.) Reichelt alikuwa na miaka miwili tu nchini alipopanda mlima Weishan kuitembelea nyumba kubwa ya watawa wa Kibuddha. Alikwenda mgeni, akarudi na mzigo moyoni. Aliona huko watu wanaomtafuta Mungu kwa bidii ambayo hakuitarajia, na akatambua kwamba hakuna mmisionari aliyekuwa akizungumza nao kwa lugha yao ya ndani.

Tuieleze kidogo bidii hiyo, maana wengi wetu tukisikia neno “tafakari” tunadhani ni mtu kukaa kimya bila kazi. Katika kumbi za tafakari za China muda ulipimwa kwa kijiti cha ubani. Kijiti kinawashwa, watawa wanakaa miguu wameikunja, mgongo umenyooka. Kikiisha, wanainuka na kutembea kwa kuzunguka ukumbi, kisha wanakaa tena. Wanaamka kabla ya mapambazuko. Wakati wa baridi huja majuma maalumu ambapo karibu siku nzima ni kukaa na kutembea tu. Wala si kukaa kwa kubahatisha. Ubuddha hufundisha mazoezi matatu yanayoshikana: kwanza mwenendo mwema, yaani kutoua, kutoiba, kutosema uongo, kisha kuutuliza moyo, kisha hekima ya kuona mambo yalivyo. Anayerukia la pili bila la kwanza, walimu wao humwambia arudi nyuma. Mtu mwongo akifumba macho huwa ni mwongo aliyefumba macho.

Reichelt aliona kwamba watu wa namna hii hawafikiwi kwa karatasi za mahubiri zinazogawiwa mlangoni. Akaketi kusoma. Alisoma maandiko yao kwa Kichina, akatembea kutoka nyumba moja ya watawa hadi nyingine, akauliza na kungoja majibu. Mwaka 1913 alitoa kitabu kuhusu dini za China, na miaka hiyohiyo akaanza kufundisha katika seminari ya Kilutheri ya Shekow.

Kilichomvuta sana ni mkondo uitwao Nchi Safi. Huko mtu haokolewi kwa nguvu za mazoezi yake. Hulitaja jina la Amitabha na kuitegemea ahadi yake ya rehema. Mlutheri akisikia hivyo lazima masikio yasimame. Na si Walutheri peke yao waliosimamisha masikio: Wajesuiti waliofika Japani karne ya 16 waliyakuta mafundisho ya jinsi hiyo, wakaandika kwa masikitiko kwamba shetani amewafundisha Wajapani jambo lile lile alilomfundisha Luther! Tunacheka, lakini tusicheke sana. Kufanana kwa maneno si kufanana kwa mambo. Amitabha si mtu aliyesulubiwa chini ya Pontio Pilato, na hilo Reichelt alilijua vizuri.

Mwaka 1919, huko Nanjing, alikutana na mtawa kijana aitwaye Kuantu. Kijana huyo alifuatana naye hadi Shekow, akajifunza, akabatizwa. Ndipo wazo la miaka mingi likapata miguu. Mwaka 1922 ilifunguliwa Nanjing nyumba ya kuwapokea watawa wasafiri. China ilikuwa na desturi ya watawa kutembea kutoka hekalu hadi hekalu, nao walipokelewa hapa kama walivyopokelewa kwao: malazi bila malipo, chakula kisicho na nyama, ubani, kengele, ibada asubuhi na jioni. Waliotaka kubaki walifundishwa kwa utaratibu, hasa Injili ya Yohana. Katika Biblia ya Kichina, pale sisi tunaposoma “Neno” mwanzoni mwa Injili hiyo, wao husoma “Tao”, neno ambalo wenye hekima wa China walikuwa wakilitafakari karne nyingi kabla ya Kristo kuzaliwa.

Alama ya kazi hii ilikuwa msalaba unaochomoza juu ya ua la yungiyungi. Yungiyungi ni ua la Wabuddha, kwa sababu huota matopeni na kuchanua safi. Lakini alama hiyo Reichelt hakuibuni. Imechongwa juu ya jiwe la Xi'an la mwaka 781, linalosimulia jinsi Wakristo wa Kanisa la Mashariki walivyofika China mwaka 635. Ukristo wa China una umri mkubwa kuliko ule wa Norway.

Nyumbani wengi hawakuridhika. Ubani? Kengele? Watawa wanaokaa kimya badala ya kutubu kwa sauti? Mwaka 1926 Reichelt na shirika lake waliachana, na kazi ikaendelea chini ya misioni mpya ya Wakristo wa nchi za Kaskazini kwa Wabuddha. Mwaka uliofuata majeshi yaliingia Nanjing, na nyumba ile ikaharibiwa.

Tuseme wazi kwamba waliompinga hawakuwa wajinga. Mholanzi Hendrik Kraemer, katika kitabu chake cha mwaka 1938, alionya kwamba Injili si ghorofa ya juu ya nyumba iliyojengwa na dini nyingine. Ni neno la Mungu linalomhukumu na kumwokoa mtu wa dini yoyote, wakiwamo Wakristo. Kwa maoni yetu Kraemer ana haki katika mafundisho, na pengine Reichelt aliona madaraja mahali palipo na mto tu. Ila nani aliyekaa na watawa? Nani aliyejua wanaogopa nini usiku? Neno la hukumu likitoka kwa mtu asiyekufahamu, unalisikia kama kelele za jirani.

Na tafakari yenyewe si mali ya Wabuddha tu. Luther, aliyekuwa mtawa Erfurt, aliandika mwaka 1539 kwamba mambo matatu humfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, tafakari na majaribu. Majaribu tunayo, sala tunazo, tena kwa vipaza sauti. La katikati msharika alitafute katika ratiba ya Jumapili, halafu atuambie ameliona kati ya tangazo la ngapi na mnada wa ngapi.

Mwaka 1930 Reichelt na wenzake walipata kilima juu ya Shatin, Hong Kong. Kikaitwa Tao Fong Shan, Mlima wa Upepo wa Tao. Mchora ramani Mdenmaki, Johannes Prip-Møller, aliyezipima nyumba nyingi za watawa wa China, alisanifu kanisa la pembe nane lenye paa la Kichina, na chini yake chumba kidogo cha kutafakari. Reichelt alifariki mwaka 1952, akazikwa kilimani hapo. Chuo cha theolojia cha Kilutheri nacho kimo juu ya kilima kile. Ukingoni, ukielekea bondeni, umesimama msalaba mkubwa mweupe. Umeandikwa kwa Kichina lile neno la Yohana 19:30, ambalo Bwana alilitamka kabla ya kuinama kichwa.