Kongamano Limekwisha, Mgeni Anakimbilia Wapi?

Kila mwezi wa Juni Lubumbashi hujaa wageni. Chumba cha hoteli hupatikana kwa shida, nauli za teksi hupanda bila aibu, na pale Pullman Grand Karavia watu wenye vitambulisho shingoni hubadilishana kadi za biashara mpaka jioni. Ni DRC Mining Week, mkutano mkubwa wa madini wa nchi. Baadhi yao hufunga safari ya kilomita kama 300 kuja Kolwezi, wakilipa péage njiani, wakiipita Likasi. Hapa huvalishwa kofia ngumu na fulana ya kung'aa, wakachungulia shimo la Kamoto au la Mashamba, wakapiga picha, wakala chakula cha kampuni. Kesho yake wako uwanja wa ndege.

Nayasema haya bila kuwalaumu. Hakuna aliyewaambia kwamba kuna kitu kingine cha kuona.

Kazi ya kumwambia mgeni hivyo ina historia yake. Februari 1896 mwandishi wa habari Milton Carmichael aliandika katika gazeti la Detroit Journal, huko Marekani, kwamba mikutano inayofika mjini kwao inaleta fedha nyingi ingawa hakuna aliyeiita. Je, ingekuwaje mji ukiamua kuitafuta? Hazikupita wiki mbili wafanyabiashara wa Detroit wakaunda chama na kumwajiri mtu ambaye kazi yake ilikuwa hiyo tu. Tangu hapo miji mingi duniani imeiga. Ofisi ya namna hiyo hufuatilia ni chama gani cha madaktari au wahandisi kinatafuta mahali pa kukutania miaka mitatu ijayo, hukiandikia mapema, hukihakikishia ukumbi, vyumba, ndege na viza, kisha huweka mezani chambo: siku mbili za matembezi baada ya mkutano.

Katanga haikuhitaji chambo. Shaba ilikuwa inaita yenyewe. Mwaka 1931, reli ya Benguela ilipoiunganisha mikoa yetu na bandari ya Lobito, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, iliandaa maonyesho ya kimataifa. Wakati ulikuwa mbaya kupindukia. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka pamoja na uchumi wa dunia, na kampuni ya shaba ya Union Minière ilikuwa ikiwarudisha makwao maelfu ya wafanyakazi. Mji ukaribisha dunia kwa mkono mmoja na kuwafukuza watu wake kwa mkono wa pili.

Baada ya vita vya pili vya dunia Wabelgiji walianza kuuza safari za Kongo kwa utaratibu. Ofisi yao ya utalii wa koloni ikachapisha mjini Brussels, mwaka 1949, kitabu kinene cha kumwongoza msafiri, na kikarudiwa mara kadhaa katika miaka ya hamsini. Mwaka mmoja baada ya kitabu hicho kutoka ndipo Katanga ilipofanya mkutano wake wa fahari. Comité Spécial du Katanga, kampuni-serikali iliyoundwa mwaka 1900 kuisimamia ardhi yetu, ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Ikaita wataalamu Élisabethville kuanzia tarehe 13 hadi 19 Agosti 1950 kwa kongamano la kisayansi: miamba, udongo, wanyama, magonjwa, watu. Waandaaji walijua kuchagua tarehe. Agosti ni kiangazi, hakuna mvua, usiku una baridi nzuri na barabara za vumbi zinapitika. Taarifa za mijadala yao zilichapishwa katika mabuku ambayo watafiti wanayatumia hadi leo.

Lakini tukumbuke nani aliyekuwa mgeni. Mwafrika katika mji ule alihitaji kibali kutembea usiku upande wa Wazungu. Babu zetu waliuona mkutano ule wakiwa wamebeba sahani. Walizungumziwa ukumbini, wenyewe hawakuitwa kuzungumza. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipoanza ugonjwa ambao haujatutoka: kudhani kwamba mkutano ni shughuli ya watu wengine inayopita mjini kwetu.

Uhuru ulikuja na tamaa kubwa zaidi. Kinshasa ilipokea wakuu wa nchi za Afrika mwaka 1967, na mwaka 1974 Mobutu akalipa mamilioni ya dola ili Muhammad Ali na George Foreman wapigane pale na jina la Zaire lisikike kila pembe ya dunia. Lilisikika kweli. Jina la Kolwezi nalo lilifika kila pembe, miaka minne baadaye, kwa njia ambayo hakuna mji unaoitamani: waasi wa FNLC waliingia tarehe 13 Mei 1978, askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka tarehe 19, na kati ya siku hizo mamia ya watu, weusi kwa weupe, waliuawa. Hata sasa, ukimtajia Kolwezi Mfaransa wa umri fulani, anakumbuka miavuli.

Mwaka huohuo wa 1978, Arusha ilikuwa na matatizo yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na majengo makubwa ya makao yake makuu yalikuwa yamebaki bila mwenyewe. Tanzania ingeweza kuyagawa kwa wizara. Badala yake ikaunda shirika la AICC na kuyageuza kituo cha mikutano. Pale ndipo yalipotiwa saini makubaliano ya amani ya Rwanda tarehe 4 Agosti 1993 na ya Burundi tarehe 28 Agosti 2000, na mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ikakaa humo mpaka mwaka 2015. Mwanasheria aliyechoka na mafaili Ijumaa, Jumamosi alikuwa Ngorongoro. Kigali nayo ilianzisha ofisi ya mikutano mwaka 2014 na kufungua ukumbi wake mkubwa mwaka 2016. Najua kwa nini wasomaji wengi hapa hawapendi kusikia mfano wa Kigali. Hata hivyo, mbinu ni mbinu.

Na sisi tuna nini cha kumwonyesha mgeni Jumamosi? Tuanze na Bunkeya, katika mkoa huuhuu wa Lualaba, ambako kazi ya kupokea wageni ni ya zamani kuliko Élisabethville yenyewe. Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, aliufanya mji wake kuwa mahali ambapo misafara ya Waswahili kutoka pwani ya mashariki ilikutana na ile ya Bié kutoka magharibi. Shaba, chumvi na pembe za ndovu vilibadilishwa pale kwa bunduki na vitambaa. Na watumwa pia, tusifiche. Mreno Ivens alifika mwaka 1884, mmishonari Arnot mwaka 1886. Mgeni aliyempitia vibaya ni msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs: tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson alimpiga Msiri risasi, na Bodson mwenyewe akapigwa risasi iliyomuua. Bayeke, watu wa Msiri, hukusanyika Bunkeya kila tarehe 20 Desemba kumkumbuka, na wana wao hutoka mbali kuja.

Kuna Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, kule Kapanga. Kuna Upemba, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1939, ambamo wamebaki pundamilia ambao huwezi kuwaona porini mahali pengine Kongo. Kuna ziwa Nzilo, lililotokana na bwawa la Lualaba la miaka ya hamsini, ambako wenyeji wa Kolwezi hupunga upepo Jumapili kwa samaki na bukari. Sokoni kuna mafundi wa malakiti wanaong'arisha jiwe mpaka mistari yake ya kijani iliyokolea na iliyofifia itokeze kama pete za mti, na wafua shaba wanaogonga bamba kwa nyuma mpaka sura ya mama na kinu chake ijitokeze mbele. Mgeni huondoka na yai la malakiti mfukoni bila kujua lilikochongwa.

Ofisi ya taifa ya utalii ipo, na mfuko wa kukuza utalii upo, unaochangiwa na wafanyabiashara wa sekta hiyo. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2015, una wizara yake. Asasi za kiraia nazo zimeshaleta Kolwezi Indaba yao Mbadala, yaani mkutano wao wenyewe kuhusu madini, kujadili mito na vijiji ambavyo makampuni huvisahau. Hao pia ni wageni, nao hulala na kula. Linalokosekana ni mtu mmoja mwenye simu, gari na kalenda, ambaye mwezi wa Januari anawaandikia waandaaji wa mkutano wa Juni: wabakizeni watu wenu siku mbili, sisi tutawapeleka Nzilo na Bunkeya, viongozi wa msafara ni hawa, bei ni hii, barabara iko hivi. Mshahara wa mtu huyo kwa mwaka mkoa unaoutoa duniani sehemu kubwa ya kobalti hauwezi kushindwa kuulipa. Mheshimiwa Gavana, mwajiri kabla ya Juni ijayo.