Kompyuta ya gemu Kipevu: anza na stima, kadi baadaye

Vijana wa hapa Kipevu huniuliza kila mara ni kadi gani ya grafiksi inayofaa kwa gemu. Jawabu langu ni moja: kabla ya kadi, tazama powasaplai, hewa na stima. Twaishi kando ya mitambo ya umeme, na Kipevu III pekee ilijengwa kwa megawati 120. Lakini ujirani huo hauzuii stima kukatika, na ikirudi kwa kishindo, kompyuta ndiyo huumia.

Wakati wa kununua

Wengi wetu hununua Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilizotumika maofisini ng'ambo. Si mbaya, ila kagua haya.

Powasaplai. Nyingine zina swichi ya 115 na 230 kwa nyuma. Stima yetu ni volti 240. Ukiiacha kwenye 115, utaiwasha mara moja tu.

Kasha. Kasha jembamba halipokei kadi ya kimo cha kawaida, na mara nyingi halina waya wa kuilisha stima. Tundu la kadi kwenye ubao hutoa wati 75 pekee. Tafuta kadi inayotosheka na hizo, kama GTX 1650 ya kimo kifupi isiyohitaji waya.

Rami. Vipande viwili vya GB 8 hufanya kazi upesi kuliko kimoja cha GB 16, hasa kama huna kadi.

Prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 yataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu.

Kadi yenyewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kadi ya bei ya kutupa yaweza kuwa kuukuu iliyobadilishwa jina kwa ndani. Mwambie muuzaji aiwashe, kisha fungua GPU-Z, programu ya bure. Nyingi za bandia huandikwa FAKE papo hapo. Akikataa, shika njia.

Ikileta shida

Yalia bipu, picha hakuna: hewa ya bahari hushika meno ya rami. Chomoa waya ukutani, toa rami, sugua meno yake polepole kwa raba ya penseli, uirudishe.

Gemu yaanza vizuri, baada ya dakika kadhaa yawa nzito: ni joto. Vumbi la malori ya bandarini huziba feni. Safisha, huku umeishika feni isizunguke, na ubadilishe pesti ya prosesa iliyokauka.

Yazima ghafla gemu ikipamba moto: pima joto kwanza. Likiwa sawa, shuku powasaplai. Usiifungue; ndani hubaki stima hata baada ya kuchomolewa. Badilisha nzima.

Stima imekatika: chomoa, na ikirudi subiri dakika chache. Ukiweza, nunua UPS, lakini soma wati zake. UPS ya 650VA haitoi wati 650; nyingi huishia chini ya 400.

Kadi utaibadilisha mwakani, inshallah. Powasaplai mbovu yaweza kuteketeza kila kilichomo ndani ya kasha usiku mmoja, na nyumba zetu zimebanana.