Walter Prescott Webb: barua za profesa wa Texas na mutu aliyemusomesha bila kumuona

Walter Prescott Webb (1888-1963) alikuwa profesa wa historia kwenye chuo kikuu cha Texas, huko Marekani, na muandishi aliyejulikana kwa vitabu juu ya magharibi ya Marekani. Karatasi zake, pamoja na barua alizoandika na kupokea, zinalindwa Austin, muji wa chuo hicho. Lakini barua zilizobadilisha maisha yake zilitoka kwa mutu ambaye hakuwa profesa wala muandishi.

Webb alikuwa mutoto wa mulimaji ambaye alikuwa pia anafundisha shule za vijiji. Walikaa Texas ya upande wa magharibi, penye ukame, na kazi ya shamba ilikuwa inakula siku za masomo. Mwaka 1904, akiwa na miaka 16, aliandikia gazeti The Sunny South, lililokuwa linatoka Atlanta, akiuliza namna gani kijana wa shamba anaweza kusoma na kuwa muandishi. Gazeti likachapa ile barua. Huko New York, mufanyabiashara mumoja wa vitu vya kuchezea watoto, William E. Hinds, akaisoma, akamujibu.

Hinds hakuishia kwenye maneno matamu. Alimutumia vitabu na magazeti, wakaendelea kuandikiana kwa miaka. Webb alipoingia chuo kikuu mwaka 1909, Hinds akamukopesha pesa za masomo. Muzazi mwenye amekwisha kuhangaikia minerval anajua uzito wa jambo hilo, tena kwa mutoto asiye wa ukoo wake! Hawakuonana hata siku moja. Hinds alikufa mwaka 1912, Webb akiwa bado anasoma. Diploma akaipata mwaka 1915, na deni lililobaki akalilipa kwa dada ya Hinds.

Kitabu chake kikubwa, The Great Plains, kilitoka mwaka 1931. Kinaeleza kwamba watu waliozoea miti na maji ya mashariki walipofika kwenye tambarare kavu walilazimika kubadilisha maisha: bastola ya risasi sita, waya wa miiba wa kuzungusha shamba, mashini ya upepo ya kuvuta maji. Ile nchi kavu aliijua tangu utoto. Kitabu cha 1935 juu ya Texas Rangers, askari wa jimbo, kilikosolewa sababu kinawasifu wale askari na kuwadharau Wamexico. Na kwa haki.

Mwaka 1961, akiwa amekwisha kuongoza chama kikubwa cha wanahistoria wa Marekani, Webb aliandika ndani ya gazeti Harper's makala ya kumutafuta Hinds: alikuwa nani hasa, na sababu gani alimuchagua yeye? Mengine juu ya mutu huyo yalikuwa machache sana. Barua zake, Webb alikuwa amezilinda. Hinds mwenyewe hakuona hata kitabu kimoja cha Webb.