Kujiwekea Seva: Istilahi Anayoihitaji Mkaangaji Kahawa

Mtawanya, kata ya Wilaya ya Kibiti, si nchi ya kahawa. Ukanda huo unaishi kwa korosho na nazi, na ukiteremka kwenye delta ya Rufiji utakuta mpunga na kamba. Hata hivyo kahawa hainywewi kwa uchache Pwani. Ile chungu ya jioni barazani, yenye tangawizi, pamoja na kashata yake, inatokana na buni zilizosafiri kutoka Kagera, Kilimanjaro, Mbinga au Mbozi. Kati ya gunia na kikombe yupo mkaangaji, na huyo leo tumpe istilahi moja ambayo watu wa kompyuta wamechelewa kumpa.

Wengi hukaanga kwa kikaango na moto wa kuni, wakitegemea macho, pua na masikio. Buni mbichi huwa na rangi ya kijani kibichi, zikageuka manjano, kisha kahawia, na zikikaribia nyuzijoto 200 za Selsiasi huanza kupasuka kwa sauti. Huo huitwa mlio wa kwanza. Kuanzia hapo sekunde chache zinatosha kuiharibu kazi yote. Mwenye mashine ya pipa linalozunguka huingiza kihisijoto katikati ya buni, na programu husoma joto kila sekunde na kuchora mstari wake kwenye skrini. Artisan ni programu ya aina hiyo: imeandikwa kwa lugha ya Python, ni programu huria, na huhifadhi kumbukumbu za kila mkaango kwenye kompyuta iliyopo karakanani. Cropster, ya kampuni iliyoanzia Innsbruck nchini Austria, ni huduma ya kulipia ambayo kumbukumbu zake hukaa kwenye seva za mtandaoni.

Kumbukumbu hizo ndizo mali ya mkaangaji. Ndani yake mna gunia lilikotoka, unyevu wa buni, joto la kuanzia, dakika ya mlio wa kwanza na uzito uliobaki. Ukitia kilo 10 za kahawa safi na kupoteza asilimia 15 kwa mvuke na makapi, unatoa kilo 8.5; asiyeandika hesabu hiyo hajui bei yake halisi. Basi tuulize: daftari hili la kumbukumbu linakaa kwenye mashine ya nani?

Kitendo cha kuendesha programu kwenye seva uliyoiweka na kuitunza mwenyewe, badala ya kutumia seva ya kampuni, Waingereza hukiita «self-hosting». Ukikitafsiri neno kwa neno utapata «kujikaribisha», maana mwenyeji hukaribisha mgeni. Msomaji wa Mtawanya hatapata lolote humo. Limeonekana pia «kujipangisha», kwa sababu kazi ya kampuni zinazoweka tovuti za watu imekwisha kuitwa upangishaji. Mimi nalikubali neno upangishaji. Linasema kweli: unalipa kila mwezi, ukiacha kulipa unatolewa. Lakini kwa sababu hiyohiyo, «kujipangisha» halifai. Mtu anayelala kwenye nyumba aliyoijenga hatumwiti mpangaji wa nafsi yake. Kodi haipo, na mwenye nyumba wa kugombana naye hayupo.

Nimepima pia «kujiendeshea». Kitenzi kuendesha kimeshazoeleka kwa programu, na kauli ya kutendea inaonyesha faida inamrudia nani. Ubaya wake ni kwamba liko karibu mno na «kujiendesha», tunalotumia kwa gari lisilo na dereva. Irabu moja haitoshi kuyatenganisha maneno haya kwa watu wanaosikilizana kwenye kelele za mashine.

Ninalolipendekeza ni «kujiwekea seva», na nomino yake «seva ya mwenyewe». Kiswahili kimekwisha kulea kitenzi hiki: tunajiwekea akiba, tunajiwekea nadhiri. Kinabeba uamuzi, umiliki na wajibu kwa pamoja. Tena kinaepuka mtego ulio ndani ya Kiingereza chenyewe, kwani istilahi yao inatumika pia kwa kompaila iliyoandikwa kwa lugha ileile inayoitafsiri, kama ile ya Lisp ambayo Tim Hart na Mike Levin waliitengeneza MIT mwaka 1962. Hiyo haina uhusiano na seva. Sisi tuiite «kompaila ya kujitafsiri», mambo mawili yapate majina mawili.

Istilahi isichanganywe na jirani zake. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kusomwa na kubadilishwa. Unaweza kujiwekea seva ya programu isiyo huria, na unaweza kulipia upangishaji wa iliyo huria. Wala kujiwekea seva si kujitenga na intaneti. Seva inaweza kutumia intaneti inapokuwepo, na isipokuwepo ikaendelea kuhudumia simu na kompyuta zote zilizounganishwa na ruta ya karakana.

Kukosa intaneti tumekuonja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Karakana ambayo daftari lake liko ng'ambo, siku kama hiyo inakaanga bila kumbukumbu. Yenye seva ya mwenyewe inaendelea kuandika.

Wala mashine kubwa haihitajiki. Mkaango wa dakika 12, vihisijoto viwili vikisomwa kila sekunde, unatoa namba 1,440. Kaanga mara kumi kwa siku, siku 300 kwa mwaka: namba milioni 4.32, yaani makumi ya megabaiti. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, au mpakato wa zamani uliowekewa Linux, inabeba mzigo huo kwa urahisi. Anayetengeneza programu aanze na mambo machache: jedwali la magunia, jedwali la mikaango, jedwali la mauzo, na ukurasa unaofunguka kwenye simu kwa Kiswahili. Uhamishaji wa data kwenda faili la kawaida uwepo tangu siku ya kwanza, ili mkaangaji akitaka kuhama asiwe mateka wa fundi wake.

Ila neno wajibu nililolitaja si la kupambia. Mwezi mmoja tu kabla ya nyaya kukatika, Aprili 2024, mafuriko ya Rufiji yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti. Seva iliyo chini ya meza ni mali ya kulowa, kuibwa na kuungua umeme unaporudi kwa kishindo. Kwa hiyo aliyejiwekea seva ajiwekee pia betri, nywila imara na nakala rudufu mbili, moja ikilala nje ya jengo. Asiyeweza kuyafanya haya kila wiki, ushauri wangu ni kwamba alipie upangishaji bila kuona haya. Ni afadhali kodi kuliko daftari lililopotea.

Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) limekuwa likisanifu istilahi tangu 1967, na mradi wa KiLinux uliitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Hazina hiyo iongezwe. Nawaomba waandishi wa programu wa Dar es Salaam, Moshi na Bukoba waiweke «seva ya mwenyewe» kwenye menyu zao sasa, kando ya «seva ya kupanga», na wapeleke kwa BAKITA ripoti ya jinsi wakaangaji wanavyoipokea istilahi hiyo.