Habari za Fizi, kutoka mtumbwi hadi seva

Mwaka 1858 wapelelezi Richard Burton na John Speke walipanda mtumbwi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, kuelekea Uvira, na Burton akaandika kwamba Ubwari, ng'ambo ya Baraka, ni kisiwa. Ni rasi. Kosa hilo lilisafiri hadi London kabla mtu hajalisahihisha, kwa kuwa habari ya ziwa hili ilikwenda kwa miezi. Mwaka 1965 mwendo haukuwa umeongezeka sana: mwanamapinduzi Che Guevara akiwa Kibamba, chini ya milima ya Fizi, mashariki mwa Kongo, barua na maagizo yalivuka kwa mashua kutoka Kigoma. Baadaye zikaja foni, redio za kuongelea kwa mbali, na hatimaye dishi za setilaiti.

Dishi ndiyo iliyoleta swali la seva ipi ya kuchagua. Setilaiti ya dishi hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo swali na jibu lake huchukua zaidi ya nusu sekunde. Itifaki ya TCP hapo mwanzo iliruhusu baiti 65,535 tu zitumwe kabla ya kungoja jibu. Piga hesabu: ucheleweshaji ukiwa sekunde 0.6, huvuki kilobaiti 109 kwa sekunde, hata ukilipia zaidi. Dawa, yaani njia ya kukiongeza kikomo hicho, iliandikwa mwaka 1992, lakini mifumo endeshi haikuinywa kwa pamoja. Linux ilianza kujirekebishia kikomo hicho 2004, Windows Vista 2007, FreeBSD 7.0 mwaka 2008. Seva mbili zenye vyuma sawa zikifungwa kwenye dishi moja zingeweza kupishana mara kadhaa, wakati kwenye waya mfupi wa maabara zinalingana. Ndiyo maana siyaamini majedwali ya kasi iliyopimwa katika chumba kimoja.

Upande wa diski historia ni ndefu zaidi. Mfumo wa faili wa Unix ya zamani ulitumia asilimia chache tu ya kasi ya diski. Mwaka 1983, katika 4.2BSD, Kirk McKusick na wenzake walipandisha matumizi hayo hadi karibu asilimia 47. Kazi kubwa kweli, ila kwa watu wanaoishi kwa jenereta na paneli za sola, kasi si jambo la kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mfumo wa kale hulazimika kukagua diski nzima ndipo uamke. NTFS ya Windows NT ilikuja na daftari la mabadiliko mwaka 1993. Linux ikapata ext3, yenye daftari kama hilo, mwaka 2001. Seva husoma daftari, humaliza au hufuta kilichokatizwa, huamka kwa sekunde. Hata hivyo daftari hulinda mpangilio wa faili kuliko yaliyomo. ZFS, iliyotolewa 2005, haiandiki juu ya data ya zamani na huhakiki kila bloku. Hutaka kumbukumbu (RAM) nyingi, lakini kwa rejesta za wagonjwa ningeichagua.

Starlink ilipewa kibali Kongo mwezi Mei 2025. Setilaiti zake huruka kilomita 550 hivi juu yetu, na ucheleweshaji umeshuka hadi makumi ya milisekunde. Lakini jenereta za Fizi bado huishiwa mafuta. Anayetaka kulinganisha seva kwa ajili ya huku na achomoe waya wa umeme wakati diski inaandika, arudie mara nyingi, kisha ahesabu faili zilizosalia nzima.