Tranka la Bati Kutoka Kasulu

Waulize wazee wa Kasulu na Kibondo waliofaulu darasa la saba miaka ya 1970, watakusimulia tranka: sanduku la bati, kufuli dogo, jina la mwenyewe kwa rangi nyeupe. Chini ya shuka kulikuwa na karatasi iliyolindwa kuliko shuka zenyewe, yaani waranti ya safari. Lori hadi Kigoma, kisha garimoshi la Reli ya Kati: Tabora, Dodoma, Morogoro, pengine hadi Tanga. Ndiyo njia iliyowapeleka baba zao kukata mkonge wakaitwa manamba. Safari hii nauli ilikuwa juu ya Serikali, na kilichokwenda kutafutwa ni elimu.

Kabla ya uhuru, Waingereza waliigawa elimu ya Tanganyika kwa rangi: shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila kundi na fungu lake. Fedha zilizotokana na mali za maadui wa vita zilipogawiwa elimu miaka ya 1950, kila rangi ilipata sehemu sawa. Usawa wa ajabu huo! Sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8.6, na Wazungu kama 20,000. Iringa ikajengewa shule ya kifahari ya watoto wa Kizungu, ambayo baadaye ikawa Shule ya Mkwawa. Uha, yaani nchi ya Waha wa Kasulu na Kibondo, ghala la vibarua wa mashamba ya watu, uliachiwa zaidi wamisionari, mathalani wale wa Kabanga.

Ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa kisheria kuanzia 1962. Lakini huko milimani Uha hakukuwa na shule ya Wazungu ya kugombea mlango. Mtoto wa Muha alizuiwa na ada, umbali na uchache wa madarasa. Kwa hiyo kwake sheria ile ilipata uzito pale hazina ilipofunguliwa: ada ya sekondari ilifutwa 1964, shule nyingi za misheni zikatwaliwa baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, na ada ya msingi ikaondolewa 1973. Operesheni Kigoma ya 1972 ilikuwa imeshawakusanya watu vijijini, wengine bila hiari yao, na shule zikafuata. Nafasi za kidato cha kwanza nazo zikagawanywa kimkoa, jambo lililowaudhi waliotoka mikoa yenye shule nyingi, kwani mtoto wa Kibondo aliweza kuingia kwa alama zilizomwacha nje wa Moshi. Mimi naona hapo ndipo mchanganyiko wa kweli ulipopikwa, bwenini, Muha na Mchaga wakigawana ndoo ya maji.

Katikati ya miaka ya 1980 uchumi ulipoyumba, ada ya sekondari ikarudi. Ya msingi ilifutwa tena kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Januari 2016 Serikali ikaanza kugharimia hadi kidato cha nne.

Lakini mchanganyiko ule wa bwenini haukuwafikia wote. Hapo hapo Kasulu ipo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996. Watoto wa Kikongo wamekuwa wakisoma mtaala wa Kongo, na wa Kirundi ule wa Burundi, wakiandaliwa kurudi makwao. Wengi wao wamezaliwa Kasulu.