Michezo ya video ya kupigana: mutu aanzie wapi, achague gani?

Jumamosi mangaribi, katika nyumba za play za Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, watu wengi wanajaa mbele ya televizyo yenye mupira. Kwenye televizyo ingine ya pembeni, wapiganaji wawili wamesimama uso kwa uso. Kijana anayeingia mara ya kwanza analipa, anashika maneti, na mbele dakika mbili haziyaisha amekwisha kupigwa raundi zote. Franka zimekwenda. Katika mupira, hata asiyejua kitu anamaliza dakika zake. Katika mchezo wa kupigana, asiyejua anatoka haraka, na mwengine anakaa fasi yake.

Njo maana wengi wanajaribu mara moja, kisha wanarudi kwenye mupira. Ni hasara, kwa sababu michezo ya kupigana haiombi vitu vingi: mashini moja, maneti mbili, watu wawili. Haiombi intaneti. Haiombi pia mashini mupya. Na katika miji fasi umeme unakatika saa yoyote, mchezo wa dakika mbili unafaa kuliko ule wa saa nzima.

Mfano wa Lahore

Kuna mutu mumoja ambaye maisha yake yanaonyesha jambo hilo vizuri. Arslan Siddique, anayejulikana kwa jina la Arslan Ash, anatoka Lahore, katika inchi ya Pakistani. Huko pia umeme unakatika, na vijana walijifunzia katika nyumba za mchezo za mitaani, kila mumoja akipigana na jirani yake. Katika mwezi wa pili 2019, alifika Japani baada ya kuhangaika na viza na ndege, akashinda shindano la Tekken 7 la Evo Japan. Wachezaji wakubwa wa Korea ya Kusini na Japani hawakumujua. Katika mwezi wa munane mwaka ule ule akashinda tena Evo ya Las Vegas, Marekani, na katika mechi ya mwisho alipiga Knee, Mukorea ambaye wengi walimuhesabu kuwa mukubwa wa mchezo huo. Alishinda Las Vegas tena 2023 na 2024.

Baada ya ushindi wa Japani alieleza kwamba kwao kuna wengine wenye nguvu kama yeye. Watu walifikiri ni majivuno, lakini Knee mwenyewe alisafiri mpaka Pakistani na akaona ni kweli. Nguvu ya wale vijana haikutoka kwenye mashini za bei kali. Wote walicheza mchezo mumoja, katika muji mumoja, kila siku.

Kuchagua mchezo

Basi ulizo la kwanza si «mchezo gani iko muzuri kupita yote?» Ulizo ni: jirani wanacheza gani? Mutu anaweza kununua mchezo mupya wenye picha za kushangaza, lakini kama hakuna wa kupigana naye, atabaki anapiga mashini peke yake mpaka achoke. Kupiga mashini hakufundishi mengi, kwa sababu mashini haina haya, haina hasira, na haigeuzi mawazo kama mutu.

Kwa wengi, jibu ni Tekken. Kampuni ya Namco ya Japani iliitoa 1994 katika nyumba za mchezo, na Tekken 3 iliingia kwenye PlayStation ya kwanza 1998. Uzuri wake ni kwamba butoni ine za maneti ni viungo vine vya mwili: carré ni mukono wa kushoto, triangle mukono wa kuume, ikisi muguu wa kushoto, rond muguu wa kuume. Mutoto anaelewa hiyo siku moja. Na kutoka PlayStation ya kwanza mpaka ya tano, butoni hizo hazikubadilika. Mwenye kujifunza kwenye mashini ya zamani hapotezi kazi yake siku atapata mupya.

Mwenye PlayStation 2 anaweza kutafuta Tekken 5. Mwenye PlayStation 3 atafute Tekken 6 ao Tekken Tag Tournament 2. Kwenye PlayStation 4 kuna Tekken 7. Tekken 8, iliyotoka katika mwezi wa kwanza 2024, haiingii kwenye PlayStation 4. Inaomba PlayStation 5, Xbox Series, ao ordinatere yenye nguvu na nafasi ya giga 100. Kwa mutu anayepakua kwa megabaiti za kununua, hesabu hiyo inatosha kumurudisha kwenye Tekken 7. Hakuna ubaya: mambo ya kujifunza ni karibu yale yale.

Street Fighter ni mukubwa kwa umri. Ya kwanza ilitoka 1987, lakini ni Street Fighter II ya 1991 iliyofungua njia kwa michezo yote mingine ya aina hii. Iko na butoni sita, ngumi tatu na mateke matatu, na wapiganaji wanatupa moto kutoka mbali. Mutu anapashwa kujua umbali: wakati gani wa kukaribia, wakati gani wa kungoja. Street Fighter 6, ya 2023, inaingia kwenye PlayStation 4, na ndiyo inafundisha mwanafunzi muzuri kuliko zote. Kuna namna ya kucheza inaitwa Modern, fasi pigo kubwa linatoka kwa butoni moja. Wazee wa mchezo wanaicheka. Wacheke tu, mwenye kuanza anapata siku nyingi za bure.

The King of Fighters, ya 1994, iko na utaratibu wa watu watatu kwa watatu. Akianguka mumoja, mwengine anaingia. Ni kali kwa mwanafunzi, lakini kama mutaa muzima unaicheza, basi ni hiyo.

Kwenye simu, Shadow Fight 2 haiombi franka kwa kuanza, na inaenda bila intaneti. Inafundisha umbali na subira. Lakini vidole kwenye kioo si sawa na maneti, na mutu asishangae akienda nyumba ya play na kuona mikono haijui kitu.

Siku za kwanza

Kosa la karibu kila mutu ni kubonyeza butoni zote kwa haraka. Linaweza kufaulu kwa muda. Katika Tekken 3 kuna Eddy Gordo, Mubrazili wa capoeira, na mwenye kubonyeza miguu yake ovyo anaweza kupiga rafiki zake wote juma moja. Kisha anakutana na mutu anayejua kujikinga, na mambo yanaisha pale.

Afazali kuchagua mupiganaji mumoja na kubaki naye mwezi muzima. Katika Tekken, Paul Phoenix, yule wa nywele zilizosimama, anafaa: yuko katika kila Tekken, na ngumi yake kubwa inatoka kwa kuzungusha kidole chini, chini-mbele, mbele, kisha triangle. Mwendo huo wa kidole ni ule ule Ryu wa Street Fighter anatumia kwa kutupa moto. Mutu akiujua fasi moja, ameujua fasi mbili.

Lakini mbele ya mapigo, kujikinga. Hapa njo siri yote. Katika Tekken kuna mapigo ya juu, ya katikati na ya chini. Anayesimama na kuvuta maneti nyuma anakinga ya juu na ya katikati, lakini ya chini yanamupata. Anayechuchumaa huku akivuta nyuma anakinga ya chini, ya juu yanapita juu ya kichwa chake, lakini ya katikati yanamuvunja. Mapigo makali mengi yanatoka katikati, kwa hiyo mwanafunzi asimame, akubali kuumizwa kidogo na miguu ya chini, mpaka atazoea kuyaona. Kisha kuna kukamatwa na kuangushwa: kujikinga peke yake hakusaidii hapo, inaomba kuchuchumaa ao kubonyeza butoni ya kujitoa kwa wakati.

Mupinzani akitupa pigo kubwa na likakingwa, anabaki wazi kwa kitambo kidogo sana. Wakati huo ni wa kurudisha ngumi nyepesi ya carré. Michezo hii inagawanya sekunde moja kwa sehemu 60, na katika Tekken 7 ngumi hiyo inafika kwa sehemu 10, karibu kwa kila mupiganaji. Mutu anayejua vitu viwili hivi tu, kukinga na kurudisha, atapita wengi waliocheza mwaka muzima.

Ju ya sekunde hizo ndogo, televizyo nayo inahesabika. Televizyo nyingi za plat zinachelewesha picha. Ndani ya reglaji kuna fasi imeandikwa Game ao Jeu; kuifungua hakulipishwi. Vilevile, kupigana kwa intaneti na mutu wa Ulaya kwa unganisho la simu hakufai kwa mwanafunzi: anapigwa na uchelewesho, anafikiri ni yeye hajui.

Mwenye franka kidogo afanye hivi: asilipe mechi na wakali saa ya watu wengi. Aende asubui, na rafiki mumoja wa kiwango chake, walipe muda kuliko mechi, wafungue Practice. Na akatae kucheza kwa kuweka feza. Mwenye kuita wengine kwa kamari karibu kila mara ni yule anayejua kushinda.

Watoto

Mortal Kombat ilitoka 1992, na damu yake ilifikisha mazungumzo mpaka kwenye Sena ya Marekani 1993. Mwaka uliofuata kampuni za michezo zikaanzisha alama za umri. Kwenye boksi za Ulaya, Mortal Kombat 1 ya 2023 iko na alama 18, Tekken 8 iko na 16, Street Fighter 6 iko na 12. Muzazi anaweza kusoma namba hiyo hata kama hajui kucheza. Katika Mortal Kombat, mushindi anaweza kukata mwili wa aliyeshindwa, na picha inaonyeshwa polepole. Katika majimbo fasi watoto wengine wameona vitu kama hivyo kwa macho yao, si vizuri kuwakalisha mbele yake, hata kama mwenye nyumba ya play anasema ni mchezo tu. Mwenye nyumba anaweza kuamua: mchana Tekken na Street Fighter, na Mortal Kombat ibaki kwa wakubwa, saa watoto wamekwisha kwenda.